Mtoto Ameniomba Jina Lako

Mpendwa Papa,

Najua huko uliko barua hazifiki. Hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu Matonge nzima, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, sasa ina maoni juu ya jina lako, na nimechoka kusimuliwa mambo ya nyumba yangu na wanawake waliokaa saluni kusukwa nywele. Afadhali wayapate kwangu.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wako Jonathan anataka kuliacha jina la baba yake, Ilunga, achukue langu, ambalo ni lako: Lefèvre. Sheria ya Ubelgiji siku hizi inamruhusu. Mtu mzima anaweza, mara moja tu katika maisha yake, kuweka jina la mama mahali pa jina la baba. Anakwenda commune, yaani ofisi ya manispaa, anatia sahihi, wanamwambia karibu, Monsieur Lefèvre. Miadi yake ni kesho asubuhi. Ruhusa yangu haitakiwi kabisa, lakini juzi alinifuata jikoni, akasimama mlangoni na urefu wake wote, akasema, "Maman, ni jina yako. Ukisema non, siende."

Yeye anangoja neno langu. Baba yake, Freddy, anangoja neno langu. Kila mmoja anadhani anajua nitasema nini. Na wewe, Papa, kama wafu wana la kungoja, basi wewe umengoja kuliko wote.

Unakumbuka ulivyonivuta nyuma ya nyumba siku ya harusi yangu, kule Kamalondo, Lubumbashi? Wapishi walikuwa wanasonga bukari, ugali wetu, kwenye masufuria makubwa, moshi ukanitoa machozi kabla ya wakati wake, nami nimeshikilia shela isiguse majivu. Ulikuwa umevaa suti ya kahawia, ile uliyokwenda nayo kila mahali hadi ikang'aa magotini. Ukaniambia, "Clarisse, Mungu alinipatia babinti babili. Solange ameenda kwa bamasista. Nabakia na weye tu. Ukizala batoto banaume, moja unipatie jina. Moja tu, mama." Nikasema ndiyo. Bibi harusi mwenye moshi machoni atasema nini? Siku ile ungeniomba nikujengee kanisa ningekubali. Lakini nilisema, na wewe ukafuta miwani yako, ukarudi kwa wageni ukicheza.

Mungu akanipa mtoto mmoja, na wa kiume. Kwao Freddy, kama kwetu, mwanamume wa kwanza ni wa ukoo wa baba, hilo halina mjadala. Baba mkwe, mzee Ilunga, alikuwa ametangulia muda si mrefu, jina lake likawa linatafuta mtu wa kulibeba. Jonathan akawa Ilunga. Nilipokupigia simu ulisema, "Haina neno. Utazala tena." Sikuzaa tena, Papa. Hukuniuliza kamwe, nami sikukwambia nilivyohangaika na madaktari. Tukawa tunaongea mvua na afya ya Solange.

Wewe unajua mila, lakini huenda anayesoma hapa hajui, basi nieleze. Kwetu mtoto anayebeba jina la mzee anashika na nafasi yake. Ndiyo maana Freddy amemwita mwanawe "papa" tangu wodi ya wazazi, na hakuwa anambembeleza, alikuwa anamheshimu hasa. Nimemwona mwanamume mwenye ndevu akimwinamia mtoto anayenyonya, "Jambo, papa. Ulilala muzuri, papa?" Hakumpiga hata kofi, kwani nani anampiga baba yake? Kazi ya kumchapa iliniangukia mimi peke yangu, na niliifanya kwa bidii. Kipande cha mwisho cha nyama kilikuwa cha papa. Freddy alilelewa na mzee yule bila mama, na nadhani kumwita mtoto hivyo ndiko kulikomwezesha kuishi kwenye baridi ya huku.

Sasa huyo papa ana diploma ya ufundi wa lifti. Brussels ni mji wa lifti, kila jengo lina yake, na nusu ya lifti zote zimegoma. Ungedhani mabwana wa kazi watamgombania. Ameandika maombi hadi nikaijua sauti ya kompyuta yake inapotuma. Kimya. Waliojibu walijibu kwa adabu nyingi, na adabu nyingi kwa Kifaransa ni hapana. Halafu siku moja, kwa hasira, akatuma karatasi zile zile, shule ile ile, picha hakuna, ila juu kaandika Jonathan Lefèvre. Wakampigia simu kabla kahawa yake haijapoa. Wanamtaka Jumatatu ijayo, aje na vitambulisho.

Alitueleza Jumapili iliyopita tukiwa mezani. Nilikuwa nimepika bukari na sombe, yaani kisamvu, chakula ambacho kwa kawaida kinatuliza ugomvi wowote nyumbani kwangu. "Bon," akasema, "c'est simple. Ilunga, habajibu. Lefèvre, banajibu. Mi siko na haya ya jina ya papa. Niko na njaa ya kazi, donc ku commune nitaenda." Freddy hakuinua macho. Alitafuna taratibu, akameza, akanywa maji. Kisha akasema, "Jonathan, nipatie chumvi."

Jonathan! Kijiko kiliniponyoka. Sijapata kumsikia akilitamka jina hilo uso kwa uso na mtoto, labda mbele ya walimu tu. Mtoto naye alisikia. Aliisogeza ile chumvi bila kumtazama baba yake, akainuka akaacha sahani nusu. Baadaye tukiosha vyombo Freddy alisema mara moja tu, na hajasema tena, "Baba yangu alikufa, nikamulilia, ikaisha. Sitaki mutoto yangu amuzike mara ya pili, na mi niko naangalia." Tangu siku hiyo wanapishana kwenye korido kama wapangaji. Anapotaka kumwita anakohoa.

Nilikwenda Galerie d'Ixelles, kule Matonge, kusukwa, kwa kweli nilikwenda kutafuta mtu wa kuniambia la kufanya. Kosa. Msusi wangu, Maman Régine, hakungoja nimalize. "Achia mutoto, Clarisse! Jina ni koti. Bulaya kuko baridi, avae yenye inamupasha." Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, simjui hata kidogo, akatoa kichwa. "Koti unavua ukifika ku nyumba. Jina utaivulia wapi?" Wakaanza kubishana, mmoja kwa Kiswahili cha Likasi, mwingine kwa Lingala, na mtu wa kusikilizwa pale alikuwa kila mtu isipokuwa mimi. Niliondoka na maumivu ya kichwa, na sikujua kama ni ya mawazo au ya misuko.

Maana mimi nalijua jina hili linafungua nini. Uliponisindikiza uwanja wa ndege ulisema, "Kule Bulaya jina yetu itakutangulia." Ulisema kweli. Nilifika nikakuta limejaa kila mahali. Liko kwenye kengele za jengo la jirani hapa Etterbeek. Liko kwenye gari la fundi bomba, kwenye kibao cha daktari wa meno, kwenye jiwe la waliokufa vitani, limechongwa zaidi ya mara moja. Ulitulea tukidhani sisi ni ukoo wa aina yake. Miaka ya mwisho ya shule Lubumbashi tulikuwa Lefèvre peke yetu, mimi na Solange, tukainua pua. Kumbe huku kuitwa Lefèvre hakumshangazi mtu, isipokuwa ukiwa na uso kama wangu.

Kwenye famasi ninapofanya kazi nina kibandiko kifuani: C. Lefèvre. Wateja wanasoma, wananitazama, wanasoma tena. "C'est le nom de votre mari, madame?" Nasema hapana, si la mume, ni la baba yangu. Hapo macho yao yanaanza kumtafuta mzungu usoni mwangu, pua kwanza, halafu midomo. Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa nawaacha watafute, mimi naendelea kufunga dawa zao.

Tulipotafuta nyumba nilipiga simu mimi, Freddy alisema lafudhi yangu na jina langu ndiyo mali yetu. "Madame Lefèvre? Mais bien sûr, venez, venez!" Njooni, njooni. Tulipofika, yule bwana mwenye nyumba alifungua mlango, akanitazama, kisha akachungulia nyuma ya bega langu kumwona Madame Lefèvre. Nyumba ilikuwa imeshachukuliwa, alisema, dakika hii hii. Jina lilinitangulia kama ulivyoahidi, Papa, shida ni kwamba mimi nilifuata. Nilicheka kwenye ngazi. Freddy hakucheka. Hilo nalo nimemweleza Jonathan, akaniambia, "Lakini maman, alifungua mulango. Mimi habafungue hata mulango."

Maana ya jina niliijua kwako kwanza. Lakini kuna mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu anayechukua dawa za presha, aliyenielezea kama vile alikuwa anangoja miaka yote mtu amuulize. Alisema asili yake ni Kilatini, neno la fundi, na hasa fundi wa chuma. Lefèvre ni mhunzi. Zamani kila kijiji cha Ufaransa kilikuwa na mhunzi wake wa kufua viatu vya farasi na majembe, na watu wakamwita kwa kazi yake, hadi kazi ikawa jina na jina likabaki kwa watoto wasioijua nyundo. Ndiyo sababu wako wengi namna hii, hasa kaskazini ya kule na huku kwetu Ubelgiji: hawana babu mmoja, wana kazi moja. Kusini wanasema Fabre na Faure. Wengine wameongezewa herufi katikati na makarani waliotaka kuonyesha kwamba wamesoma Kilatini. "Na Waflamandi," akasema, "wanaitwa De Smet, ni kitu kile kile." Tuna mwenzetu De Smet pale famasi, tangu siku hiyo ananiita binamu.

Mwalimu alidhani ananipa jambo jipya. Nilicheka, akashangaa. Ningewezaje kumweleza habari za Kafula?

Wewe na mimi tunazijua. Mimi nilizaliwa Kafula. Serikali ilikuwa imeamuru majina ya kizungu yaachwe, kila mtu arudie jina la mababu, na wewe ukiwa kijana mwenye kazi na mke ukajikuta huna pa kurudi. Wenzako walikuwa na majina ya babu zao mfukoni. Wewe ulikuwa na Lefèvre tu. Ukakumbuka padri aliyekufundisha kwamba Lefèvre ni mhunzi, ukauliza kwa Kibemba mhunzi anaitwaje, ukaambiwa kafula, na kesho yake ukaenda kuandikishwa. Mzalendo kamili! Ulichukua jina la Mfaransa, ukalitafsiri, ukalifanya la mababu. Ulikuwa unaisimulia wewe mwenyewe ukishika mbavu, na mama akisema, "Ee, Papa Clarisse, usichekeshe batu na mambo ya kilio."

Mama alisema kweli. Ni mambo ya kilio, na nililijua hilo kule Kasenga, walikotoka watu wetu.

Nilikuwa msichana wa shule, ulinichukua kwenda msibani kwa shangazi yako wa mbali, ambaye baba yako alimwita dada tu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona asili yetu, kama ulivyokuwa unaiita. Unakumbuka desturi ya kule: mgeni akiingia kwenye matanga hakai kwanza. Anasimama mbele ya wazee, anajitaja, yeye ni nani, mwana wa nani, mjukuu wa nani, ndipo anapewa mahali pa kukaa kwa kadiri ya undugu wake. Waliotutangulia walijitaja kama wanaoimba. Ikafika zamu yako. Ukavua kofia ukasema, "Mi ni Kafula." Mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Kafula yupi, mwanangu? Hapa hatukuwa na Kafula." Ukasema baba yako alikuwa Lefèvre. Wakatazamana. "Na baba yake?"

Uliigeuza kofia mkononi. Mtu aliyekuwa anajua kila kitu, aliyesahihisha hata redio, alisimama mbele ya watu wake akiwa hana jina la tatu la kutaja. Wakatuonyesha mahali pa kukaa pamoja na majirani na wauza samaki. Tulimlilia shangazi yako tukiwa nje ya duara la ndugu zake.

Ulinieleza tukirudi, juu ya lori, upepo ukila nusu ya maneno. Baba yako alifanya kazi kwenye karakana ya reli, chini ya mzungu aliyeitwa Lefèvre. Mzungu alirudi kwao. Baba yako akaona kwamba makarani na wenye nyumba za matofali wote wana majina yanayosikika vizuri masikioni mwa wakubwa, na lake halisikiki. Akaacha jina la baba yake, akajiita Lefèvre. Hakukuwa na damu ya mzungu wala ubatizo, alijichukulia mwenyewe. Na lilimsaidia, tuseme kweli. Alipata ukarani, akapata nyumba, wewe ukasoma. Nikakuuliza, "Na ile jina aliacha, ilikuwa nani?" Ukasema, "Nilimuulizaka siku moja. Alisema, ile jina ilikufaka, usiiamushe. Akakufa nayo."

Ndipo nilipokuelewa. Amri ilipolegea ukaharakisha kurudia Lefèvre, watu wakasema unajipendekeza kwa wazungu. Sivyo. Ulikuwa unarudia jina pekee ulilowahi kumsikia baba yako akiitwa. Na siku ya harusi, kwenye moshi ule, uliniomba mtoto kwa sababu ulikuwa umeona kwa macho yako jinsi mtu anavyofutika. Nalijua hilo, Papa, sikuwahi kudhani kwamba ni majivuno.

Nimelazimika kuacha kalamu kidogo. Jonathan ameingia, ameondoka.

Alikuja kula. Hakukaa. Akasema, "Alors, maman?" Nikamwambia akae, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayengoja basi. Nikamsimulia Kasenga yote. Hakuwa anaijua, sikuwahi kumwambia, kwa sababu sikupenda akuone umesimama pale na kofia mkononi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Donc juu ya mutu moja alikufa zamani, mutu hatujue hata jina, mi nikose kazi?"

"Siyo juu yake," nikasema. "Juu ya yule atakuja nyuma yako. Mutoto yako atauliza, Ilunga alikuwa nani, na weye utasema nini?"

"Nitamwambia! Niko na kinywa."

"Hata kambo yangu, baba ya papa yangu, alikuwa na kinywa, Jonathan. Alikuwa anatarajia kusema. Halafu ukishaacha kitu kwa kupata kingine, kukitaja inakuwa nguvu, kinywa inakataa. Haya inaingia. Leo unasema huna haya ya jina ya papa. Siku utakaa ku meza ya kazi, banakuita Lefèvre, papa yako anakuja kukutafuta pa mulango, atajitaja nani?"

Akaivuta sahani karibu. Nilidhani nimemgusa. Lakini mtoto huyu ni wa damu yako, anajua pa kubonyeza. Akasema taratibu, "Na Kambo wa Lubumbashi? Ulimupromettre, ulimupa neno. Maman Solange aliniambia. Alitaka mutoto mumoja tu. Mi niko hapa, nasema ndiyo, na weye njo unakataa? Jina yake inakufa kwa mukono yako, maman, siyo kwa mukono ya bazungu."

Nilitazama sahani yake, Papa, vitoyo, samaki wale wa chumvi, nilivyovitafuta Matonge nzima kwa sababu anavipenda, nikajua kwamba nikisubiri kidogo zaidi nitasema ndiyo, kwa uchovu tu, na kwa kukupenda. Nikasema, "Ni non, Jonathan. Kambo nitamuandikia mi mwenyewe."

Aliinuka. Hakupiga mlango, afadhali angepiga. Alichukua simu yake mbele yangu, akafuta ile miadi, akanionyesha kioo ili nione, kama askari anayekabidhi bunduki. "Voilà," akasema. "Nitaenda lundi, ile Jumatatu yao, na Ilunga yenu. Bakinifukuza, usiniulize kitu." Akavaa koti akashuka kwa ngazi. Nikasikia nyayo zake hadi chini, kwa sababu lifti yetu nayo imekufa.

Kwa hiyo sasa unajua. Freddy akirudi kutoka kazini atafurahi, na furaha yake itaniudhi, kwa sababu atadhani nimechagua baba yake dhidi ya baba yangu. Sikuchagua hivyo. Mzee Ilunga simjui vizuri, nilimwona mara chache, alikuwa mkali na alikula bila kushukuru. Lakini ana jina, na jina lake lina mtu hai anayeitikia, na mtu huyo anataka kufanya kile kile alichofanya babu yangu, kwa sababu ile ile, mbele ya wazungu wale wale. Ningempa baraka zangu ningekuwa nimelipanda lori lile bure. Sijui kama nimefanya vizuri. Labda Jumatatu watamtazama, wataona Ilunga, watachungulia nyuma ya bega lake kumtafuta mwingine, na mwanangu atarudi bila kazi, na kosa litakuwa langu kila siku ya maisha yake. Nimeogopa leo kuliko siku ile nilipomzaa.

Na wewe nimekunyima. Sitalipaka sukari. Ulinipa kila kitu ulichokuwa nacho, ukaniomba kitu kimoja, kikaja chenyewe hadi jikoni kwangu, nami nikakifukuza. Nilijaribu kujifariji kwamba utakumbukwa kwa njia nyingine, kwa suti, kwa vicheko, kwa ubishi wako na redio. Ni kweli, mtoto anakujua vizuri, anaiga hata ulivyokuwa unafuta miwani. Lakini si hicho ulichoomba. Uliomba jina, na jina halitakuwepo. Akina Lefèvre wa kwenye kengele za huku si wetu, hawatutambui nasi hatuwatambui. Siku nitakapoondoka wataliandika lako mara moja zaidi, juu ya msalaba wangu, kisha fundi atafunga rangi yake aende zake.

Ukikasirika, nikasirikie mimi. Mtoto mwachie Jumatatu yake, na kama mna nguvu yoyote huko mliko, msukumieni ule mlango, wewe na mzee Ilunga, kwa pamoja, kwa mara moja mkubaliane. Kuna mwingine huko ambaye sijui nimwite nani, baba yake babu yangu, mwenye jina lililoachwa. Mtafute, Papa. Mwambie kwamba mtoto wa mjukuu wake amesema hapana kwa niaba yake, na kwamba imemgharimu.

Pumzika, nami nitapasha moto chakula cha mtoto, huenda akarudi na njaa.

Binti yako,
Clarisse, Lefèvre wa mwisho